Jinsi ya kufukua neno la Kiingereza lililochakaa: tuchimbe "sooth" pamoja

Kuna siku namsaidia mdogo wangu homuwek, anasoma mstari wa kwanza wa ile tamthilia ya Shakespeare ya mfanyabiashara wa Venice, "In sooth, I know not why I am so sad", akaniuliza hiyo sooth ndo nini. Mi bila hata kupepesa macho nikamwambia ni utulivu, si unaona kuna "soothe", kutuliza, kwa hiyo jamaa anasema nimetulia zangu lakini sijui kwa nini nina huzuni. Ikakaa vizuri mpaka nikajipongeza moyoni. Akaandika, akapeleka kwa mwalimu, ikarudi na mstari mwekundu, na tangu siku hiyo nikijifanya najua kitu pale nyumbani naitwa Bwana Utulivu.

Sooth ni kweli. "In sooth" ni "kwa kweli", basi, hamna cha ajabu. Ila ile aibu ndo ilinifanya nikae chini nijifunze haya maneno ya Kiingereza cha kizamani yanachimbwaje, na baadaye nikakuta kumbe sooth na soothe ni ndugu wa damu kabisa, yaani ukoo nilipatia, maana ndo nilichemsha. Hapo ndo watu wengi wanapoangukia, kwa hiyo ntawaonyesha njia ninayotumia mimi kwa kutumia hilo hilo neno lililoniumbua, alafu we utaipeleka kwenye neno lako lolote.

Anza na sentensi, kamusi baadaye

Najua mkono unawasha kugugo neno lenyewe peke yake. Subiri kwanza. Nakili sentensi nzima ulikolikuta, na kama unaweza tafuta zingine mbili tatu zenye neno hilo hilo kutoka kwa waandishi tofauti, kwa sababu neno likiwa peke yake linakubali maana yoyote utakayolibandika, ila likiwa kwenye sentensi nne haliwezi kukudanganya zote nne.

Cheki hii. Ile yangu ya utulivu ilikaa vizuri kwenye "in sooth" kwa sababu sehemu ile inakubali karibu kila kitu: kwa utulivu, kwa hasira, kwa bahati mbaya, zote zinapita. Sasa nenda kwenye Macbeth, tamthilia nyingine ya Shakespeare, kuna askari anatoa ripoti ya vita anasema "If I say sooth, I must report they were...", yaani kama nikisema sooth lazima niripoti kwamba walikuwa hivi na hivi. Weka utulivu hapo. Kama nikisema utulivu? Haiingii. Kwa hiyo tayari unajua ni kitu kinachosemwa, na ni kitu ambacho ukiamua kukisema inabidi utoe habari kama ilivyo. Bado hujafungua kamusi hata moja na umeshabakiza maana moja au mbili tu.

Alafu ongeza ya zamani zaidi. Mshairi Chaucer, aliyefariki 1400, anamwelezea mfanyabiashara mmoja alafu anamalizia "But, sooth to seyn, I noot how men hym calle". Usiogope hizo spelling, soma kwa sauti: lakini, kusema kweli, sijui watu wanamwitaje. Hiyo "noot" ni "ne" ya kukanusha imegandana na "woot", najua, ndo ikawa sijui kwa neno moja, kitu ambacho kwetu sisi wa Kiswahili ni cha kawaida kabisa ila kwa msomaji wa Kiingereza cha leo ni muujiza. Na "sooth to seyn" ni kusema kweli, neno kwa neno, mpaka raha.

Spelling zitakuzungusha

Hapa ndo watu wanakata tamaa, wanasachi "sooth" kwenye maandishi ya mwaka elfu moja na kitu wanapata patupu. Zamani hakukuwa na spelling moja, kila mwandishi na kwao, kwa hiyo utakuta "soth", "sothe", "suth", na ukirudi nyuma kabisa kwenye Kiingereza cha Kale unakuta "soð" na "soþ". Hizo herufi mbili za ajabu, ð na þ, zote zilikuwa zinaandika sauti tunazoandika leo kwa th, na ukishajua hivyo tu nusu ya ugumu imeondoka. Kwa taarifa yako ile "ye" ya "ye olde" kwenye mabango ya maduka ya kujifanya ya kale nayo imetokana na þ, wachapaji hawakuwa na hiyo herufi wakaweka y, kwa hiyo ilikuwa inasomwa "the" siku zote, hamna mtu aliyekuwa anasema "ye" pale.

Alafu kuna mtego mwingine wa vitabu vilivyochapwa kabla ya 1800 hivi. Walikuwa na s ndefu, ſ, inafanana na f iliyokosa nusu ya kale kamstari ka katikati, na kompyuta zikiskani hivyo vitabu zinaisoma f. Matokeo yake ukitafuta "sooth" kwenye maktaba za vitabu vilivyoskaniwa unaweza ukadhani neno halikutumika kabisa mwanzoni mwa karne ya 17, wakati limejaa tele ila limehifadhiwa kama "footh", na "forsooth" imekuwa "forfooth". Kwa hiyo sachi na hizo za makosa makusudi. Mi mara ya kwanza kuandika "footh" kwenye kisanduku cha kutafutia nilijiona mjinga, alafu yakamwagika matokeo kibao. Na ukiona mtu anakuletea grafu ya matumizi ya neno la s kwa miaka 400, inaonyesha neno limeibuka ghafla kuanzia 1800, muulize kwanza kama alitafuta na ya f.

Kamusi ipi, na unaisomaje

Kila enzi ina kamusi yake. Neno ukilikuta kwenye maandishi ya kabla ya mwaka 1100 hivi hicho ni Kiingereza cha Kale, nenda kwenye Bosworth-Toller, ipo bure mtandaoni. Kuanzia hapo mpaka 1500 hivi ni Kiingereza cha Kati, kuna kamusi kubwa sana ya Chuo Kikuu cha Michigan, walimaliza kuichapa 2001 na yenyewe iko bure. Neno likinukia shamba, yaani lahaja za vijijini Uingereza, mtafute Joseph Wright, kamusi yake ya lahaja ilitoka juzuu 6 kati ya 1898 na 1905. Na mama wao wote ni ile ya Oxford, OED, wazo lake lilianza 1857, kipande cha kwanza kikatoka 1884, ikaisha 1928, na toleo la pili la 1989 lina juzuu 20. Mtandaoni ni ya kulipia, ila maktaba nyingi zina akaunti, kwa hiyo ulizia kabla hujatoa hela yako. Ukitaka cha haraka kuna Etymonline, tovuti ya asili za maneno ya Kiingereza, iko vizuri tu kwa kuanzia, ila usiishie hapo.

Sababu ya kuipenda OED: maana zake zimejengwa juu ya nukuu. Watu wa kujitolea kwa maelfu walikuwa wanasoma vitabu, wanaandika sentensi kwenye vikaratasi, wanatuma kwa posta, wahariri wanapanga. Kwa hiyo chini ya kila maana unakuta sentensi zenye miaka, na zile sentensi ndo za kusoma, maelezo ya juu yake ni maoni ya mhariri tu, sentensi ni ushahidi.

Vitu vitatu vya kuangalia humo. Kale kamsalaba † maana yake neno au maana hiyo imekufa, haitumiki tena. Ukiona limeandikwa ni la kizamani bila kamsalaba, hilo bado linaibuka ibuka kwenye mashairi au mtu akitaka kujifanya wa kale, na sooth iko kundi hili. Mwaka ulioandikwa pembeni ni wa ushahidi wa maandishi wa zamani zaidi uliopatikana, sio siku neno lilipozaliwa, watu walikuwa wanaongea kabla ya kuandika na karatasi nyingi zimeoza. Na nyota * mbele ya neno maana yake hakuna mtu aliyewahi kuliona limeandikwa, wataalamu wamelijenga upya kwa kulinganisha lugha. Nyota sio mapambo jamani, ni onyo.

Sasa asili yenyewe

Hapa ndo nilipopagawa na hili neno.

Njia ya kufika kwenye asili ni kulinganisha na lugha ndugu za Kiingereza. Kwenye Kidenmaki kweli ni "sand", Kiswidi ni "sann". Sooth na sann wapi na wapi? N imetoka wapi? Usikimbilie kusema zinafanana au hazifanani, tafuta kama kuna maneno mengine yaliyofanya mchezo huo huo. Chukua Kijerumani: bata bukini ni "Gans", Kiingereza "goose". Mdomo ni "Mund", Kiingereza "mouth". Tano ni "fünf", Kiingereza "five". Sisi ni "uns", Kiingereza "us". Umeona? Kiingereza kilikuwa na tabia ya kumeza n au m ikikaa mbele ya sauti za kupuliza kama s, f na th, na ikishamezwa irabu iliyobaki inarefuka kufidia. Jino ni mfano mtamu kuliko yote maana Kijerumani wanayo n kwenye "Zahn", Kilatini wanayo kwenye "dentis", Kiingereza wamebaki na "tooth" bila n. Kwa hiyo tooth ilitoka kwenye kitu kama *tanth, na sooth kwenye kitu kama *santh, zimepita njia moja. Hii ndo tofauti ya kuchimba na kubahatisha: kanuni ikikubali neno moja tu hiyo ni bahati, ikikubali maneno sita hiyo ni kanuni.

Rudi nyuma zaidi. Hiyo *santh wataalamu wanaipeleka mpaka kwenye mzizi wa kitenzi cha "kuwa", ule ule uliozaa "is" ya Kiingereza na "est" ya Kilatini. Maana yake ya mwanzo ilikuwa "kilicho", kitu kilichopo. Kwenye Kisanskriti, lugha ya kale ya India ambayo nayo ni ndugu wa mbali, mzizi huo umezaa "sat", kilichopo, na "satya", kweli. Sasa sisi hatuhitaji hata kuelezwa sana hapo, maana mtu akiulizwa kama habari ni ya kweli anajibu nini? Ndivyo ilivyo. Kweli ni kile ambacho ndivyo kilivyo. Watu walioongea lugha mama ya hizi zote, maelfu ya miaka iliyopita, walifikiri hivyo hivyo.

Na ngoja, Kilatini nacho kina ndugu wa hilo neno, "sons", ila maana yake ni mwenye hatia. Mara ya kwanza nilidhani nimesoma vibaya, kweli na hatia zinakutanaje? Alafu ikanijia picha ya watu wamemkamata mtu, mmoja ananyoosha kidole, "ndiye". Ndiye yeye. Aliye. Basi, mwenye hatia ni yule ambaye ndiye. Tangu hapo sijawahi kuisahau.

Ukoo uliobaki hai

Neno likifa mara nyingi linaacha watoto, na watoto ndo wanakuonyesha maana ilivyokuwa inahama. Kwa hiyo ukimaliza na mizizi panda juu uangalie matawi.

"Soothsayer" kwa sura tu ni msema kweli, na mwanzoni, karne ya 14, ndo ilikuwa hivyo hivyo, ila karne hiyo hiyo ikahamia kwa mtabiri, mpiga ramli, mtu anayesema kweli ambayo haijatokea bado. Yule anayemwonya Kaisari kuhusu tarehe 15 Machi kwenye tamthilia ya Shakespeare ya Julius Caesar ndo huyu.

"Forsooth" ilianza ikiwa na heshima zake, kwa hakika. Watu wakaitumia wee mpaka ikachoka, ikaanza kutumika kwa kebehi, na hapa Kiswahili kina neno linalokaa kama glavu: eti. "Yeye ni mfalme, forsooth!" ni "eti yeye mfalme!" Ukitafsiri forsooth ya kebehi kwa "hakika" umeua utani wote, kwa hiyo sikiliza sauti ya anayesema kabla hujachagua.

Sasa soothe, iliyonipa jina la utani. Kiingereza cha Kale kilikuwa na kitenzi "soðian", kuthibitisha kwamba kitu ni kweli. Kufika karne ya 16 soothe ilikuwa kuunga mkono maneno ya mtu, kusema ndiyo ni kweli. Kutoka hapo ikateleza kidogo, ikawa kumuunga mkono mtu hata akiongea utumbo, ndiyo mzee, kweli kabisa mzee, umenena. Na mtu ukimwambia ndiyo mzee kila saa anakuwaje? Anatulia. Hasira zinashuka. Mwishoni mwa karne ya 17 tayari neno linamaanisha kutuliza tu, ukweli umeshadondoka njiani, na leo mama anambembeleza mtoto na krimu inatuliza ngozi bila mtu kukumbuka kwamba mwanzo wa yote ni ushahidi wa kweli. Yaani neno limetoka kwenye kuthibitisha limeishia kwenye kubembeleza, na daraja katikati ni uchawa. Ndo maana kosa langu lilikuwa kurudisha maana ya mjukuu kwa babu. Ukoo unakuambia nani ni ndugu wa nani, haukuambii kila mmoja anafanya kazi gani.

Mitego

Mwandishi mkubwa naye anaweza akakosea. Mshairi Milton 1634 ana "the soothest shepherd", mchungaji msema kweli kuliko wote, sawa kabisa. Mshairi mwingine, Keats, shairi lake la 1820 ana "jellies soother than the creamy curd", jeli laini kuliko maziwa mgando, na hapo hamna ukweli wowote, jamaa alivutwa na sauti ya smooth na soothe kama mimi tu. Tofauti ni kwamba yeye akikosea inaingia kwenye kamusi kama maana mpya, mimi nikikosea napewa mstari mwekundu. Kuna sababu pia: sooth ilishaachwa katikati ya karne ya 17, ikafufuliwa mwanzoni mwa karne ya 19 na waandishi kina Walter Scott waliopenda ladha ya kale, kwa hiyo ukikuta neno la kizamani kwa mwandishi wa karne ya 19 jiulize alilirithi au alilifukua makaburini. Aliyelifukua usimtegemee kwa maana ya asili.

Kufanana sura sio undugu. "Soot", masizi, inakaribia sooth kwa herufi moja, ila ile inatoka kwenye mzizi wa kukaa, "sit", masizi ni kitu kinachotua na kukaa juu ya vitu. Hawajuani kabisa.

Stori tamu zaidi ndo ya kuiogopa zaidi. Umeshasikia ile kwamba "sincere" inatoka Kilatini "sine cera", bila nta, eti wachonga sanamu walaghai walikuwa wanaziba nyufa kwa nta? Inasimuliwa mpaka kwenye mahubiri. Kilatini kina neno lake "sincerus", safi, isiyochanganywa, hiyo hadithi ya nta haihitajiki popote. Ukiletewa asili yenye wahusika na tukio kama filamu, omba sentensi ya zamani inayoithibitisha.

Na kamusi yenyewe inaweza ikakuletea neno ambalo halijawahi kuwepo. Kamusi ya Webster ya 1934 Marekani ilikuwa na neno "dord", maana yake imeandikwa ni densiti kwenye fizikia na kemia. Kumbe ilikuwa kikaratasi kilichoandikwa "D or d", kwamba herufi kubwa D au ndogo d ni kifupi cha densiti, mtu akavibana vikawa neno. Ikagundulika 1939 mhariri alipoona neno halina asili yoyote iliyoandikwa. Kwa hiyo neno lisilo na nukuu hata moja nje ya kamusi, liweke pembeni kwanza.

Kama Kiingereza cha Shakespeare kinakutoa jasho kuna njia ya mkato nzuri, Nyerere alitafsiri hiyo tamthilia kama Mabepari wa Venisi, ikatoka 1969, weka vitabu viwili sambamba uone mtafsiri alichagua nini kwenye neno linalokusumbua. Sio ushahidi wa asili ya neno, ila kwa maana inasaidia sana.

Ukitaka kujipima chukua "let" kwenye Hamlet, ya Shakespeare pia, "I'll make a ghost of him that lets me". Ukiisoma kwa let ya leo jamaa anatishia kumuua anayemruhusu, ambayo haina kichwa wala miguu. Ntakupa vidokezo viwili tu: kwenye pasipoti ya Uingereza bado kuna "without let or hindrance", na Kiingereza cha Kale kilikuwa na vitenzi viwili, "lætan" na "lettan". Huyo wa pili ni ndugu wa "late". Endelea mwenyewe, na ukipata usimwambie mtu kabla ya kuijaribu kwenye sentensi nne.